Tundu la Kobe

“Mama Placidi, kwa nini usilizibe hilo tundu ili kobe wasitoke tena?”

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la tano, nimechuchumaa kwenye ua wa nyuma wa nyumba yake kule Lipingo, magoti yote udongo. Yeye alikuwa amesimama na jembe begani. Alinitazama, akacheka kidogo puani, akasema, “Wewe mtoto una maswali kama karani wa sensa.” Kisha akaendelea kulima. Hakunijibu, nami nilikuwa na maswali mengine saba nyuma ya hilo, kwa hiyo nikaliacha.

Sasa niko kidato cha tatu na jibu ninalo. Lakini kabla ya kulipata ilibidi nimwambie jambo nililolificha miaka mitano, na siwezi kuandika habari zake nikaliruka jambo hilo. Nimejaribu mara mbili kuliruka. Kila mara karatasi inakuwa na mwanamke mzuri na kobe wazuri, na mimi niko pembeni nimetulia kama malaika wa Krismasi. Ni uongo.

Tulihamia Lipingo kwa sababu ya kazi ya baba. Baba yangu, Meshack, ni tabibu, na serikali ilimtoa Singida ikampeleka kwenye zahanati ya kando ya Ziwa Nyasa. Siku ya kwanza, kabla hatujashusha hata godoro, jirani mmoja anayeitwa Mama Gertruda alikuja kutupokea akiwa na harufu ya usipa, dagaa wa ziwa hilo, aliokuwa akianika juani. Alimsaidia mama kubeba ndoo mbili, akatuonyesha nyumba ya upande wa pili wa uzio.

“Huyo ni Mama Mashimo,” alisema. “Mtoto wenu akipotea, anzeni kumtafuta kwenye mashimo yake.”

Mimi, ukiniambia kuna mashimo mahali, umeshanituma. Jioni hiyo hiyo nilikuwa nachungulia kwenye uzio wa mianzi.

Jina la ubatizo la Mama Placidi ni Hedwiga. Placidi ni mwanawe wa kwanza, anafanya kazi Songea. Alizaliwa milimani, upande wa Mbinga, kwa Wamatengo, na huko ndiko alikojifunza kuchimba ngolo. Kwa asiyejua: unakata majani marefu, unayalaza chini kwa mistari inayokatizana mpaka shamba zima liwe na miraba. Halafu unachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kufunika nao yale majani. Unabaki na shimo katikati na tuta pande zote nne. Maharage yanapandwa kwenye tuta, majani yanaoza chini yake na kuwa mbolea, na mvua badala ya kuporomosha udongo inatulia ndani ya shimo. Mlimani, mwanamume ndiye anayekata na kulaza majani. Mwanamke ndiye anayechimba.

Mumewe, Mzee Baltazar, alikuwa fundi seremala wa huku ziwani. Alipanda Mbinga kutengeneza mabenchi ya kanisa, akashuka na mabenchi yamekwisha na mke juu. Mama Placidi alipofika Lipingo akakuta watu wanalima mihogo kwenye matuta ya kawaida, ardhi yenyewe karibu tambarare. Yeye akachimba ngolo zake nyuma ya nyumba vilevile. Watu walicheka mpaka wakachoka. Walimcheka na mumewe pia, kwa sababu kila mwaka alionekana akimkatia majani na kuyapanga kama mtu anayetandika. “Baltazar anatandikia nani kitanda?” walimwuliza. Naye akajibu, “Atakayelala humo atajitokeza.”

Na walijitokeza. Ndivyo Mama Placidi alivyonisimulia, mkono ukiwa kiunoni. Mvua za kwanza tu, mashimo yakashika maji, na asubuhi akamkuta kobe wa porini amesimama kwenye shimo la mwisho, shingo nje, anakunywa. Majirani zake wote walikuwa wanachoma majani kabla ya kulima na kufagia nyua zao mpaka zing’ae. Kwake peke yake ndiko kulikuwa na majani marefu, maji, na mdudu wa kila aina. Kobe walikuwa na akili ya kuona hilo kabla ya binadamu.

Tangu hapo akaanza kuwarahisishia. Kila shimo alilichonga upande mmoja kwa kisigino cha jembe liwe na mteremko, kobe aingie na kutoka bila kubingirika. Chungu kilichovunjika alikilaza ubavu na kukifukia nusu, kikawa kibanda cha kukimbilia jua. Mapera na mapapai yaliyoanguka hakuyaokota. Maboga aliyaacha yatambae mpaka kwenye uzio. Na chini ya uzio, kwenye kona ya kuelekea kijito, alikata mianzi akaacha tundu la upana wa sufuria ya ugali.

“Mwenzetu anawafungulia wezi mlango,” Mama Gertruda alisema.

“Wanakula kidogo kuliko wewe,” alijibu Mama Placidi, na wote wawili wakacheka, kwa sababu Mama Gertruda alikuwa na bakuli la maharage yake mkononi wakati huo huo.

Tulipohamia, Mzee Baltazar alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Mama Placidi alikuwa anakata majani mwenyewe, anayapanga mwenyewe, halafu anachimba. Sikujua wakati ule kwamba kwa mtu wa mlimani hilo ni jambo la upweke. Niliona tu mwanamke mwenye nguvu.

Alinifundisha kukaa. Mama yangu hakuamini. Mimi nilikaa nusu saa nzima kwenye ndoo iliyopinduliwa bila kusema, nikimsubiri kobe atoe kichwa. Sheria zilikuwa chache. Usimkimbilie. Usimsimamie juu, kivuli kinamtisha. Na usimnyanyue kamwe. “Ukimnyanyua anakojoa kwa hofu,” aliniambia, “na yale ndiyo maji yake ya kiangazi. Utakuwa umemwibia kisima.”

Kulikuwa na mmoja mkubwa, wa manjano yenye madoa meusi, gamba limemeguka kidogo nyuma upande wa kushoto. Alikuwa anaingia, anasimama, anazungusha shingo polepole kushoto na kulia, kisha anapita shimo baada ya shimo bila haraka. Nikamwita Bwana Afya, kwa sababu alitembea kama yule afisa anayekagua vyoo vya watu. Mama Placidi aliposikia jina hilo alicheka mpaka akakaa chini. “Bwana Afya!” akasema, akipangusa macho kwa kanga. “Na leo amekuta kosa gani?” Ikawa salamu yetu. Nikitoka shule nampigia kelele juu ya uzio, “Shikamoo mama, Bwana Afya amekagua?” Naye, “Marahaba, amekagua, ameandika jina lako.”

Sasa nafika penyewe.

Darasani kulikuwa na kijana anaitwa Sebastian ambaye hakuamini kitu. Nilipowasimulia habari za kobe alisema, “Kobe wa porini aje kwenu kula kama mgeni wa kipaimara? Loveth anaona kobe hata kwenye uji.” Darasa zima likacheka. Kwa wiki mbili nikawa Loveth Kobe. Nikaapa mbele ya wote kwamba Jumamosi waje watatu, niwaonyeshe.

Wiki hiyo Mama Placidi alifiwa na dada yake huko Mbinga. Alipanda basi Jumatano alfajiri, akaniachia kuku na kibeseni cha maji. “Kobe usiwashughulikie,” alisema. “Njia wanaijua.”

Alhamisi alasiri Bwana Afya akaja. Nilimwona akiinama chini ya mianzi na kuingia. Nikapiga hesabu: Jumamosi ni keshokutwa. Akitoka leo, nani atanihakikishia kwamba keshokutwa atarudi? Pembeni ya karo kulikuwa na jiwe bapa la kufulia. Nililisukuma kwa mikono na kwa goti mpaka kwenye tundu, likaenea kama kifuniko. Nakumbuka nilivyojisikia. Nilijisikia mwerevu.

Ijumaa jua lilikuwa kali. Niliwapa kuku pumba kwa mbele na kwenda mazoezi ya kwaya. Ua wa nyuma sikwenda. Nilijiambia nisimsumbue mgeni, na sijui kama kuna kitu kinanichoma kuliko hicho, kwamba nilifuata sheria yake moja huku nimevunja ile kubwa, ya kuwaachia njia yao.

Jumamosi asubuhi, kabla Sebastian na wenzake hawajafika, nilikwenda kumtazama. Alikuwa kwenye shimo lililo karibu na tundu, chali, miguu juu. Kwenye jiwe kulikuwa na mikwaruzo ya kucha. Alijaribu kulipanda, akaangukia nyuma, akabingirika mpaka chini. Chali hakuweza kujigeuza, na jua lilimmaliza. Siafu walikuwa wameshafika.

Nililisukuma jiwe mpaka karo. Nikalimwagia maji mikwaruzo isionekane. Halafu nikatoka barabarani, nikawaambia Sebastian na wenzake kwamba kobe hajaja.

“Si nilisema?” Sebastian alisema. “Muongo huyu.”

Nilikubali. Nikasema, “Ndiyo, nilidanganya.” Walishangaa hata wao.

Mama Placidi alirudi Jumapili, kitambaa cheusi kichwani, sauti imekauka kwa kulia. Aliweka mfuko, akaenda nyuma. Nilipomfuata nilimkuta amechuchumaa kando ya shimo, anapapasa ile sehemu ya gamba iliyomeguka.

“Loveth, ulimwona?”

“Hapana, mama. Sikuja huku nyuma.”

Alitazama shimo, akatazama mteremko aliouchonga mwenyewe kwa jembe. Akaupima kwa kiganja. “Nimeuweka wima mno,” akasema. “Mimi ndiye niliyemwangusha.”

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mdomo wangu ulikuwa wazi kabisa, nakumbuka, hewa ilikuwa inaingia. Mama Gertruda akatokea kwenye uzio, akaona, akasema, “Pole, jirani. Lakini nilikuambia, haya mashimo ni ya mlimani. Yamebingirisha kobe, kesho yatabingirisha mtoto wa mtu.” Hakusema kwa ubaya. Mama Placidi hakumjibu. Kwa mara ya kwanza hakumjibu.

Alimzika kobe ndani ya shimo lile lile. Halafu akalisawazisha. Halafu akahamia la pili.

Yalikuwa mashimo kumi na tisa, na maharage yalikuwa yanaanza kutoa maua. Ilichukua siku tatu. Alivunja matuta, akafukia, akakanyaga. Majani marefu akayafyeka na kuyachoma, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ashuke mlimani. Tundu la uzio akaliziba kwa mabanzi ya mumewe. Na mimi nilimsaidia. Nilibeba udongo kwenye karai, tripu baada ya tripu, kwa sababu kumsaidia kulikuwa rahisi kuliko kusema. Siku ya tatu alinipa uji, akanishika kichwa, akasema, “Asante, mwanangu. Wewe ndiye umebaki.”

Nilikunywa uji huo mpaka mwisho.

Baada ya mwaka baba alihamishiwa Mbinga. Sasa naishi katikati ya ngolo. Mwezi wa tatu ukipanda bodaboda kwenda popote nje ya mji, milima yote ina vimraba, na wanawake wameinama wanachimba. Wageni wanapiga picha. Mimi naangalia mgongo wa dereva.

Mwaka huu mwalimu wetu wa jiografia, Mwalimu Urban, aliuliza nani anaweza kueleza jinsi ngolo inavyochimbwa. Nikanyoosha mkono kabla sijafikiri, ndiyo tabia yangu.

“Mnyaturu atufundishe ngolo!” akasema mtu nyuma, na darasa lililojaa Wamatengo likacheka. Lakini nilieleza. Majani, miraba, udongo wa katikati, nani anakata na nani anachimba, hata kile kisigino cha jembe.

“Vizuri sana,” alisema mwalimu. “Nani alikufundisha?”

“Jirani yetu, Lipingo.”

“Ziwani? Ajabu. Bado anachimba?”

Nilikaa chini, nikafungua daftari. Alidhani sijasikia.

Likizo fupi ya Pasaka nilimwomba baba ruhusa kwenda kumsalimia Beata, binti wa Mama Gertruda, rafiki yangu wa zamani. Nilipanda kosta mpaka Mbamba Bay, kisha bodaboda. Nilifikia kwa kina Beata, nikaweka begi, nikaenda upande wa pili kabla ujasiri haujaisha.

Ua wa Mama Placidi ulikuwa umefagiwa. Ndicho kitu cha kwanza nilichokiona, alama za fagio kila mahali, safi kama ua wa mtu yeyote. Mihogo mistari minne kwenye matuta ya kawaida. Alikuwa karo, anafua. Alikuwa amepungua.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba… Ni Loveth huyu? Umekuwa mrefu hivi unataka kumwona nani huko juu?” Akafuta mikono, akanikumbatia na povu lake. Nami nikasimama pale kama mti, kwa sababu nilikuwa nimeona alichokuwa anafulia juu yake.

Nilisema nikiwa nimesimama. Nilisema vibaya, nikaanzia katikati, nikarudi kwa Sebastian, nikaruka mpaka siafu. Lakini nilisema. Jiwe, tundu, Alhamisi, mikwaruzo, maji.

“Jiwe lipi?” akauliza.

Nilionyesha kwa kidole. Lilikuwa chini ya shati lililolowa. Miaka mitano alikuwa anasugua nguo zake juu yake.

Aliliondoa shati. Akainama, akapitisha vidole juu ya jiwe polepole, ingawa hakukuwa na kitu cha kuona tena. Akakaa juu ya ndoo.

“Nilikuwa nikienda kulala nauona ule mteremko,” alisema. “Naupima. Nasema, laiti ningechonga kidogo zaidi. Baltazar alinikatia majani miaka ishirini na sita, watu wakimcheka. Nikayachoma.”

“Nisamehe, mama.”

“Ulibeba udongo.”

“Ndiyo, mama.”

“Nikakupa uji.”

“Ndiyo.”

Sikuwahi kumwona akiwa na hasira. Uso wake haukubadilika, ila mikono ilikuwa haijui pa kukaa. “Nenda, Loveth,” akasema. “Nenda sasa hivi.”

Nilikwenda. Kwa kina Beata nilisema kichwa kinauma, nikalala na viatu.

Kesho yake kulipopambazuka nilikwenda tena. Sikuwa na maneno mapya. Nilifikiri nitafagia tu, au nitachota maji, au nitafukuzwa mara ya pili. Geti halikuwa limefungwa. Nyuma ya nyumba nilimkuta yuko kwenye kona ya kijito, amevaa kanga ya kazi. Yale mabanzi aliyozibia tundu yalikuwa yameng’olewa, yamelala chini, misumari juu. Sehemu ya ua ilikuwa imepimwa kwa kamba. Mihogo ya mstari mmoja imeng’olewa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kuna panga pale. Majani yapo kijitoni. Kata marefu, usiniletee ya kuku.”

Nilikata. Nikaleta mafungu mpaka mikono ikavimba na kuwasha. Aliyalaza mwenyewe mstari wa kwanza, akaniachia wa pili, akanirekebisha mara tatu bila upole. Mama Gertruda akatokea kwenye uzio na sinia la usipa, akatazama mraba, akanitazama mimi, akafungua mdomo.

“Jirani,” Mama Placidi alimwahi, “mashimo hayakuua mtu. Nitakueleza. Sasa hivi nina kazi.”

Mama Gertruda alibaki na sinia lake. Mimi nilijua ataelezwa nini, na kwamba kufikia jioni Lipingo nzima itajua, na Sebastian, na Beata. Niliendelea kupanga majani.

Shimo la kwanza alilichimba kwa nguvu, udongo ukiruka juu ya majani. Alipofika kwenye kuchonga mteremko alisimama. Akauchonga mrefu, wa kulala, kama vile alivyouchonga zamani. Alikuwa ameuchonga vizuri tangu mwanzo. Akaupima kwa kiganja, akaguna.

“Sijamaliza hasira,” alisema, bila kuinua kichwa. “Usidhani.”

“Sidhani, mama.”

Akachimba kidogo tena. Kisha akaegemea mpini.

“Ulikuwa umechuchumaa hapo hapo. Ukaniuliza kwa nini nisilizibe tundu.”

“Ulikataa kunijibu.”

“Nilidhani utaliona mwenyewe.” Akatema mate pembeni, akafuta jasho kwa mkono wenye udongo. “Jana nilikufukuza. Leo umekuja saa ngapi?”

“Saa kumi na mbili na nusu.”

“Nilikuita?”

“Hapana.”

“Haya,” akasema, akainua jembe. “Ningekuwa nimeziba, ningejuaje nani anarudi kwa hiari yake?”